Pete Isiyovuka Kifundo

Mama yake sonara hakuwahi kumpigia muuguzi simu hata mara moja. Kwa miaka miwili muuguzi alikuwa na namba yake, ameihifadhi kwa jina la "Mama", kwa imani kwamba ipo siku jina hilo litakuwa la kweli. Kwa hiyo Jumamosi ile, saa saba mchana, alipokuwa akinawa plasta mikononi na simu ikawaka jina hilo, alisahau hata kujifuta. Aliipokea kwa mkono uliolowa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Uko kazini?"

"Niko kazini, lakini tuna mapumziko kidogo."

"Basi njoo hapa nyumbani. Kuna mtu ameumia kidole. Sitaki mambo ya foleni na maswali ya hospitali, nina wageni saa kumi."

"Ni mwanao aliyeumia?"

"Yeye mzima. Wewe njoo tu, mwanangu."

Simu ilikatika. Muuguzi akabaki ameishika, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko.

Mwenzake wa zamu, mama wa makamo aliyefanya kazi chumba cha plasta cha hospitali kabla hata muuguzi hajajua kusoma, aliinua macho kutoka kwenye mguu aliokuwa akiukata plasta.

"Kuna nini?"

"Mama yake ananiita nyumbani. Kaniita mwanangu."

"Mtu aliyekununia miaka miwili akikuita mwanangu, muulize kwanza anataka nini."

"Kuna mtu kaumia kidole, dada. Huenda ameanza kulegea."

"Huenda." Yule mama alirudi kwenye mguu wake. "Nenda. Saa tisa uwe umerudi, leo tumezidiwa."

Muuguzi alitia kwenye mkoba bendeji nyembamba, shashi, plasta ya gundi na mkasi. Kisha, kabla ya kutoka, alisimama mbele ya kioo kidogo cha pale kwenye sinki, akajipaka mafuta ya midomo. Baadaye, kila alipokumbuka siku ile, jambo lililomuumiza kuliko yote ni kwamba alijipaka mafuta ya midomo.

Walijuana humo humo chumba cha plasta. Sonara aliletwa siku moja akiwa amevunjika mfupa wa mtulinga, pale chini ya shingo, kwa kuanguka kwenye ngazi, uso umemwiva kwa maumivu, na huku anaumia anatania. Muuguzi alipomfunga mkono kifuani, sonara alimwambia, "Wewe mkono wako mwepesi kama pamba." Tangu siku hiyo hakumwita kwa jina lingine. Pamba, umekula? Pamba, nikufuate saa ngapi? Watu wa dukani kwake waliamini kweli anaitwa Pamba.

Kikwazo kilikuwa mama. Muuguzi alikuwa ameolewa akiwa na miaka ishirini na minne, na mume wake akafariki kabla ya mwaka kuisha. Mama yake sonara alipopata habari hiyo, alitoa hukumu kwa maneno matatu tu: "Yule ameshazika mume." Hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Sonara alisema, "Nipe muda, nitamlainisha." Muuguzi akampa muda. Akampa miezi, akampa mwaka, akampa na mwingine.

Na hakuwa mjinga. Alikuwa na sababu ya kungoja. Miezi mitatu iliyopita, wakiwa wamekaa nyuma ya duka, sonara alichukua uzi mweusi, akauzungusha kwenye kidole cha pete cha muuguzi, akaukata kwa meno, akautia mfukoni bila kusema kitu. Juma lililofuata akamwonyesha mchoro kwenye karatasi: pete nyembamba, majani mawili yamekumbatiana. "Unaonaje, mteja atapenda?" Muuguzi alisema atapenda. Wote wawili walicheka, wakayaacha hapo. Mwanamke haulizi uzi kama ule unakwenda wapi.

Nyumba ilikuwa robo saa kwa miguu. Alipofika alikuta mlango wazi, sakafu inanukia sabuni, viti vya sebuleni vimevishwa vitambaa vipya vyeupe, glasi zimepangwa mezani zimefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Sonara alikuwa amesimama dirishani, amevaa shati ambalo muuguzi alimchagulia yeye mwenyewe. Hakugeuka.

"Umefika," mama yake alisema, akimshika mkono kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha. "Mgonjwa wako huyu hapa."

Kwenye kochi alikaa binti mmoja aliyevaa gauni la kijani, nywele zimesukwa upya, mkono wa kushoto umezungushiwa taulo la jikoni. Alikuwa amelia, lakini sasa amejikaza. Alijitahidi kutabasamu.

"Samahani kwa kukusumbua, dada. Nilisema nitakwenda mwenyewe hospitali, Mama akakataa."

Mama. Neno lilimtoka binti bila kujikwaa hata kidogo.

"Huyu ni mkwe wangu mtarajiwa," mama yake sonara alisema. "Mwalimu wa chekechea. Leo wazee wake wanakuja kumalizia mazungumzo ya posa. Na huyu," akamgeukia binti, "ni muuguzi wetu. Ukiumwa chochote katika nyumba hii unamwita yeye, hana maringo."

Muuguzi alimtazama sonara. Aliuona mgongo, ukosi wa shati, na sikio moja lililokuwa jekundu. Alitazama mgongo ule mpaka akaelewa kwamba hautageuka.

Kuna watu wangeondoka. Yeye mwenyewe, njiani akirudi, alijiuliza kwa nini hakuondoka. Lakini mikono yake ilikuwa na mazoea yake, na mazoea ya mikono ile yalikuwa kwamba mtu akiwa mbele yako ameshika kidole, unapiga magoti.

Akapiga magoti.

"Ilikuwaje?" aliuliza.

"Mlango. Nilikuwa nimeshika fremu, ukafungwa kwa nguvu."

"Nani aliufunga?"

Binti aliinua macho kuelekea dirishani.

"Mimi," sonara alisema, bado akitazama dirishani. "Sikumwona."

Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake siku ile. Muuguzi alifungua taulo polepole, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Kilikuwa kidole cha pete, kimevimba pingili ya kati, ngozi imeanza kuwa na rangi ya zambarau kwa upande mmoja. Chini ya uvimbe, kwenye shina la kidole, palikuwa na pete nyembamba, imebana mpaka nyama imefura juu yake na chini yake.

Majani mawili yamekumbatiana.

 Alisikia tu kwamba masikio yamemziba ghafla, kama mtu aliyezamishwa kichwa ndani ya ndoo ya maji, na kwa mbali sauti ya binti ikiuliza, "Kimevunjika, dada?"

"Subiri nikiangalie," alisema. "Kimevimba hivi, siwezi kujua kwa macho tu." Sauti yake mwenyewe aliisikia ikitoka salama. "Nitagusa. Ukiumia sema, usijikaze."

Alianza na shina la kidole. Binti hakusema kitu. Akapanda hadi kifundo, pale kidole kinapokunjika, bado kimya. Alipofika katikati ya pingili, kwa kidole gumba kimoja tu, binti alivuta pumzi na kufumba macho.

"Hapo?"

"Hapo hapo."

"Si juu yake, si chini yake?"

"Kote kunauma, lakini hapo ni kama sindano."

Muuguzi alishika ncha ya kidole, akaisukuma taratibu kuelekea kiganjani, kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango. Binti akauvuta mkono.

"Pole. Nimesukuma huku, maumivu yakaruka kule katikati, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi nadhani mfupa umepata ufa. Mchubuko wa kawaida haufanyi hivyo. Sasa kunja vidole vyote kidogo kidogo, kama unashika yai." Alivitazama vikikunjwa. Vilielekea upande mmoja, hakuna kilichompanda mwenzake. "Haujapinda. Hilo ni jema. Ningeona kimelala juu ya jirani yake, ningekupeleka hospitali sasa hivi, wageni wakute viti."

Mama yake sonara alicheka kidogo. "Si nilikwambia ni jambo dogo? Nitachemsha mafuta nikukande, saa kumi huna kitu."

"Mfupa wenye ufa haukandwi, Mama."

"Nimelea watoto wanne kwa kuwakanda."

"Huyu hujamlea," muuguzi alisema. "Ukikikanda, ufa utakuwa mpasuko, na mpasuko utakuwa kidole kilichopinda maisha. Tafadhali leta barafu, uifunge kwenye kitambaa. Usiiweke tupu kwenye ngozi."

Mama alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau jinsi ya kuamrishwa, kisha akaenda jikoni.

Muuguzi alibonyeza ukucha wa binti. Ukawa mweupe, kisha rangi ikarudi, lakini ilirudi kwa kujivuta. Alibonyeza ukucha wa kidole cha jirani. Ule ulirudi mara moja.

"Kidole kinakufa ganzi?"

"Kwenye ncha, kidogo."

"Hii pete lazima itoke. Na itoke sasa, kabla uvimbe haujaongezeka. Ikiachwa itakata damu." Aliipapasa kwa ncha ya kidole. "Njia salama ni kuikata."

Hapo sonara aligeuka. Kwa mara ya kwanza macho yao yalikutana, na muuguzi aliona ndani ya macho yale kitu alichokuwa akikipenda, ule woga wa mtu mpole. Siku zote aliuona kama upole. Leo aliuona kama woga.

"Wewe una msumeno wa kukatia pete," alimwambia. "Upo dukani au upo hapa?"

"Upo hapa. Chumba cha nyuma."

"Ulete."

Sonara hakuondoka. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amerudi na barafu.

"Haikatwi," mama alisema. "Wageni wanakuja kuiona pete kwenye kidole cha mtoto wao. Niwaambie nini? Mchumba kavunja kidole na pete tumeikata, siku ya mazungumzo? Mkosi huo sitauingiza nyumbani kwangu. Mkosi nautambua, ndiyo maana tumefika hapa tulipofika." Akasema haya huku akimkabidhi muuguzi barafu, kwa mkono, kwa adabu kabisa.

"Mwenye kidole unasemaje?" muuguzi aliuliza.

Binti aliitazama pete. "Naomba isikatwe. Kama kuna njia nyingine."

"Ipo moja. Itauma. Nitajaribu mara moja tu, na ikigoma tunakata, wageni waje wasije. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Aliuinua mkono wa binti, akauegemeza juu ya mito miwili, juu kuliko moyo, akauwekea barafu juu ya kitambaa na kusubiri dakika kumi kwa saa yake ya mkononi. Zilikuwa dakika ndefu. Mama alipanga glasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Binti, pengine kwa kutaka kusahau maumivu, pengine kwa wema tu, alianza kuzungumza.

"Umeolewa, dada?"

"Niliolewa. Alifariki."

"Pole sana. Na hujapata mwingine?"

Muuguzi aliisikia glasi ikigonga glasi kule mezani.

"Nilidhani nimepata."

"Atakuja tu. Mikono kama hii haikosi mtu," binti alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakata tamaa. Tumefahamiana wiki sita tu, lakini mambo yakiwa yako yanakwenda mbio."

Wiki sita. Muuguzi alihesabu bila kutaka. Wiki sita zilizopita sonara alikuwa ameugua mafua, naye alimpelekea supu dukani siku nne mfululizo, akamfunika shingo kwa skafu, akaambiwa, "Pamba, bila wewe ningekufa." Siku nne hizo zote alikuwa ameshakutanishwa na huyu.

"Nahitaji uzi imara na sabuni," alisema.

Sonara ndiye aliyeleta. Alileta sabuni, sindano na uzi mweusi wa kazini kwake. Alipompa, vidole vyao viligusana, na muuguzi akauondoa mkono wake haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

Alipitisha ncha ya uzi chini ya pete kwa kutumia upande butu wa sindano, kisha akaanza kuuzungusha kwenye kidole, mzunguko karibu na mzunguko, kuanzia kwenye pete kupanda hadi kuvuka kifundo, akiubana uvimbe taratibu. Alipokaribia pale penye ufa aliacha. Akapaka sabuni. Kisha akashika ncha iliyokuwa chini ya pete, akaanza kuufungua uzi kutoka upande wa kiganja, na pete ikaanza kupanda, kidogo, kidogo, ikisukumwa na kila mzunguko unaofunguka.

Kwenye kifundo ikasita.

Binti alitoa mlio mdogo. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Muuguzi alijua kuna namna mbili za kuivusha pete pale. Moja ni polepole. Nyingine ni kwa kuivuta, dakika moja ya ukatili na kazi imekwisha, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumlaumu muuguzi kwa kuvuta. Kwa muda mfupi alitaka kuvuta. Alitaka kusikia mtu mwingine katika chumba kile akilia. Mkono wake ukakaza.

"Pamba, taratibu," sonara alisema.

Lilimponyoka. Lilitoka laini, kwa mazoea, kama linavyotoka neno linalosemwa mara kumi kwa siku.

 Mkono wa muuguzi ukalegea. Akaongeza sabuni, akaizungusha pete upande huu, upande ule, mpaka ikavuka kifundo, ikapita juu ya uvimbe huku binti ameuma meno, ikatoka. Akaiweka mezani. Akamfuta binti sabuni, akabonyeza tena ukucha, na rangi ikarudi upesi.

"Damu inapita vizuri," alisema. "Umevumilia."

Lakini binti hakuwa akitazama kidole. Alikuwa akimtazama yeye.

"Wewe ndiye Pamba?"

Muuguzi alichukua shashi. Akaanza kuikunja.

"Nilikuwa nimeshika ile fremu kwa sababu nilisikia jina hilo," binti alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sasa sauti ya mwalimu, tulivu, ya mtu aliyezoea kusubiri watoto waseme kweli. "Walikuwa wanagombana chumbani, yeye na Mama. Nilimsikia akisema, 'Pete ile niliitengeneza kwa kipimo cha Pamba.' Nikasogea nisikie vizuri. Mlango ukanibana. Nimekaa hapa saa nzima najiuliza Pamba ni nani, na nyinyi mmemleta yeye anifunge kidole."

"Mwanangu, usilikuze jambo," mama alianza.

"Mama, samahani, sijamaliza." Akamgeukia muuguzi. "Ivae."

"Niko kazini," muuguzi alisema. "Bado sijakufunga kidole."

"Utanifunga. Ivae kwanza. Mfupa wangu umepasuka kwa ajili ya pete hiyo, nina haki ya kujua ni ya nani."

"Unajua tayari."

"Nataka kuona."

Muuguzi alimtazama sonara. Alimpa nafasi. Ilikuwa nafasi ya mwisho kati ya nafasi nyingi mno, na alimpa kwa moyo wake wote, akisubiri aseme neno lolote, hata neno baya.  Sonara alimtazama mama yake.

Akaichukua pete, akaivaa. Haikuhitaji kusukumwa. Ilipita kifundo, ikashuka, ikakaa kwenye shina la kidole chake bila kubana na bila kucheza, majani mawili yakitazama juu. Katika maisha yake hakuwahi kuvaa kitu kilichomkaa vile.

Binti aliitazama kwa muda mrefu. 

"Imekukaa," alisema. Akanyoosha mkono wake mzima, kiganja juu. "Sasa nipe. Itapanuliwa."

Muuguzi hakuelewa mara moja.

"Mwenye ufundi si yuko hapa?" binti aliendelea, bila kupandisha sauti. "Nina miaka thelathini na mbili, nimesikia wenzangu wote wakitangaziwa ndoa. Wazee wangu wako njiani, wamevaa nguo mpya. Sirudi nyumbani na kidole kitupu kwa sababu ya kipimo." Kisha, kwa sonara, "Utaipanua?"

Alimsubiri kama mwalimu anavyomsubiri mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa.

"Nitaipanua," sonara alisema.

Muuguzi aliivua. Hapo, kwa mara ya kwanza, pete ilikwama kidogo, kwa sababu mkono wake ulikuwa na jasho. Akaiweka kwenye kiganja kile kilichonyooshwa.

Kisha akamaliza kazi yake. Aliweka shashi iliyokunjwa kati ya kidole cha pete na cha kati ili ngozi isichubuane, akavifunga vyote viwili pamoja kwa plasta ya gundi, juu ya ufa na chini ya ufa, akiviacha vifundo wazi viweze kukunjika. Alisema maelezo yake yote kwa utaratibu, kama anavyomwambia mtu yeyote aliyewahi kuketi mbele yake. Mkono ukae juu leo na kesho. Barafu dakika kumi, mara kadhaa kwa siku. Dawa ya maumivu ya kawaida inatosha. Kidole kikiwa baridi, au cheupe, au ganzi ikizidi, fungua na nenda hospitali wakati huo huo.

"Na kwa vyovyote, kesho asubuhi upigwe picha," alimalizia. "Mimi nimeona kwa macho na vidole. Macho yangu yamewahi kunidanganya."

"Kitapona lini?" binti aliuliza. Sasa alikuwa akilia, kimya kimya, machozi yanashuka tu.

"Wiki tatu, nne. Ufa mdogo hupona wenyewe ukiachwa utulie."

Walitazamana, wanawake wawili, na kulikuwa na jambo ambalo kila mmoja alitaka kumwambia mwenzake, ila hapakuwa na mahali pa kulianzia.

Mama yake sonara alimsindikiza mpaka mlangoni. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyevuka barabara salama.

"Nilijua hutaniangusha," alisema. "Na pia nilitaka uone mwenyewe. Ningekwambia kwa mdomo, ungesema nakuchukia. Sikuchukii. Sitaki tu kumzika mtoto wangu."

"Mume wangu alikufa kwa figo, Mama."

"Kila mtu hufa kwa kitu," mama alisema, na akarudi kwa wageni wake ambao bado hawajafika.

Sonara alimkuta kwenye geti. Alikuwa amekimbia, shati lilikuwa limechomoka kiunoni.

"Pamba. Nisikilize."

"Nakusikiliza."

Alifungua mdomo, na muuguzi akaona kwamba hakuwa na kitu. Alikuwa amekimbia akitarajia maneno yatamkuta njiani.

"Ningekwambia," alisema mwishowe. "Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Ya kuniambia?"

"Usinitazame hivyo. Unajua mama yangu alivyo. Moyo wangu unaujua uko wapi." Akasogea, akashusha sauti. "Nitakutengenezea nyingine. Nzuri kuliko ile. Nakuapia."

Muuguzi alimtazama mtu huyu aliyempenda, paji la uso wake, kovu dogo la moto kwenye kidole gumba, na akatambua kwamba alikuwa anasema kweli. Angetengeneza. Angekaa usiku na mchana kuichonga, ingekuwa nzuri ajabu, na asingejua kamwe kwamba amefanya kosa.

"Nyingine niivae wapi?" alimuuliza. "Nikiwa nani wako?"

Sonara aligeuka kutazama mlango wa nyumba ya mama yake.

"Mume wangu nilipomzika nililia, nikaondoka, nikajua nimemwacha mahali fulani. Wewe nakuacha hapa getini mzima wa afya. Nitakukuta sokoni. Nitakukuta na mtoto mgongoni. Bora ungekufa."

Alilisema bila hasira, na kwa hiyo lilimpata zaidi. Sonara alirudi nyuma hatua moja, rangi imemtoka.

Gari lilisimama mbele yao. Mlango wa nyuma ulifunguliwa, akateremka mwanamke mnene aliyejitanda khanga mpya juu ya gauni, akimfuata kijana wao aliyekuwa dereva kwa macho ya kumhimiza atoe vikapu. Alikuwa shangazi wa binti, ametangulia na vikapu kabla ya wageni wengine wa saa kumi. Alimwona muuguzi na sare yake, akashtuka.

"Kuna mgonjwa?"

"Ni binti yenu, ameumia kidole," muuguzi alisema. "Si kikubwa, mfupa una ufa. Nimemfunga. Lakini kesho asubuhi apigwe picha."

"Masikini mtoto. Basi mchumba wake atampeleka." Shangazi alimwangalia sonara kwa furaha, mtu mrefu, msafi, ambaye familia nzima ilikuwa imesikia sifa zake. Kisha akamvuta muuguzi pembeni kidogo, kwa siri isiyo siri. "Wewe ni muuguzi wao, unawajua. Niambie kama mwanamke mwenzio. Ni mtu mzuri?"

Sonara alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. 

"Ni mpole," muuguzi alisema. "Hapigi, halewi, hatukani. Ila mpeleke wewe, Shangazi. Ukimwachia yeye, atasema kesho, na mama yake atasema keshokutwa, na mtoto wenu atakaa hapo kidole kikipinda, akisubiri, mpaka siku atakapoona wamemletea mtu mwingine."

Shangazi alicheka nusu, akamtazama sonara tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Muuguzi akawaacha wakitazamana, akavuka barabara.

Saa tisa kasoro dakika chache alikuwa amerudi chumba cha plasta. Watu walijaa kwenye benchi, mmoja mkono, mmoja mguu, mmoja kifundo. Mwenzake wa zamu alimtazama akitundika mkoba.

"Alikuwa nani?"

"Mchumba wake. Kabanwa na mlango."

Yule mama aliweka chini mkasi. Hakuuliza mchumba wa nani. Alimsogelea, akamshika bega kwa mkono wenye vumbi jeupe.

"Umelia?"

"Bado," muuguzi alisema, akafunga aproni, akamwita anayefuata.